Salvia nyekundu za Pwani: Si mvua inayoziua

KILA mwaka, mvua za masika zinapokaribia, vitalu vya miche vilivyo kandokando ya barabara za Pwani hujaa vikopo vya salvia nyekundu. Maua yake huwa yamechanua kwa wekundu mkali unaomsimamisha mpita njia. Mwenye bustani hununua dazeni moja au mbili, akazipanga mbele ya nyumba, na kwa wiki tatu hivi furaha huwa tele.

Kisha mvua hufululiza. Majani ya chini hugeuka manjano, shina huwa jeusi pale linapogusana na udongo, na kabla ya mwezi Juni kwisha kinachobaki ni vijiti vikavu. Mwenye bustani huilaumu mvua, au humlaumu aliyemuuzia. Mwaka unaofuata hurudi na kununua mmea uo huo.

Mwandishi wa makala haya alipitia njia hiyo mara mbili kabla ya kutambua kwamba bibi mmoja jirani, ambaye hakuwahi kununua mche hata mmoja, alikuwa na salvia nyekundu zilizochanua karibu mwaka mzima kando ya kisima chake. Tofauti haikuwa baraka ya mkono wa mpandaji. Bibi huyo alikuwa na mmea mwingine kabisa, unaoitwa kwa jina lilo hilo.

Hapo ndipo penye kosa linalowagharimu wengi. Salvia nyekundu huchaguliwa kwa rangi, ilhali katika maeneo yenye joto na unyevunyevu yafaa ichaguliwe kwa asili yake.

JINA MOJA, MIMEA MINGI

Salvia ni kundi la mimea lenye aina zinazokisiwa kufikia 1,000. Jina lenyewe ni la Kilatini na linahusiana na kupona au kuwa salama, kwa kuwa salvia iliyojulikana zaidi Ulaya tangu kale ilikuwa ile ya dawa na mapishi. Ni jamii moja na mrehani, kivumbasi na nanaa. Anayetaka kuthibitisha na apapase shina la salvia changa: atagundua kwamba lina pembe nne, na kwamba majani huota mawili mawili yakikabiliana, kama yalivyo ya mrehani.

Chia, ambayo katika miaka ya hivi karibuni imeingia madukani na hata mashambani hapa Kenya, ni salvia. Rosemari nayo ilihamishiwa katika kundi hili na wataalamu wa mimea mnamo 2017. Isitoshe, nyanda zetu za juu zina salvia za kiasili, zikiwemo Salvia nilotica na Salvia merjamie, ingawa maua yake si mekundu.

Kwa hivyo, kuulizia 'salvia nyekundu' bila kufafanua zaidi ni sawa na kumwagiza mvuvi samaki pasipo kumwambia iwapo unataka changu, tafi au kolekole. Atakuletea alichonacho.

Aghalabu alichonacho mwenye kitalu ni Salvia splendens. Mmea huu ni wa Brazil, na ulifika Ulaya katika miaka ya 1820. Miongoni mwa waliouokota porini ni Mjerumani Friedrich Sellow, mkusanyaji wa mimea aliyezunguka Brazil kwa miaka mingi hadi alipofariki kwa kuzama katika Mto Doce mnamo 1831. Sifa yake kubwa ni kwamba si ua pekee lililo jekundu. Hata kikombe kinacholishikilia ua ni chekundu. Ndiyo maana ua likishaanguka mmea bado huonekana kana kwamba umechanua.

Msomaji makini atauliza: ikiwa mmea huu umetoka katika misitu yenye unyevu ya Brazil, mbona unyevu wa Mombasa uuangamize?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, huko kwao huota katika sehemu za mwinuko, chini ya kivuli cha miti, kwenye udongo mwepesi uliojaa majani yaliyooza. Hewa ni nyevu lakini maji hayatuami miguuni pake, na joto halifikii lile la Pwani yetu. Pili, salvia tunayouziwa leo si ile ya porini. Ni mbilikimo iliyofugwa na wazalishaji wa maua kwa zaidi ya karne moja ili iwe fupi, iwe na kichwa kizito cha maua, na ichanue ingali ndani ya kikopo. Wakulima wa bustani wa Ulaya huipanda kwa msimu mmoja tu wa kiangazi kisha huing'oa. Haikufugwa ili ivumilie miezi mitatu ya masika.

Hii haina maana kwamba Salvia splendens haifai kabisa. Jijini Nairobi, ulioko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, hustawi vizuri kwa sababu usiku huwa wa baridi. Pwani pia hupendeza, mradi ipandwe baada ya masika, pahala penye kivuli cha alasiri, na mwenyewe akubali kwamba ni ya msimu mmoja. Ziko pia aina zake ndefu zinazozidi mita moja ambazo huvumilia zaidi kuliko zile fupi, japo ni nadra kuzipata vitaluni.

MMEA WA KISIMANI

Mmea wa bibi yule ulikuwa Salvia coccinea. Asili yake ni Mexico na maeneo ya jirani, na umeenea kote katika pwani zenye joto za Ghuba ya Mexico, ikiwemo Florida, ambako kiangazi ni cha jasho na mvua za ngurumo kama tuzijuavyo sisi. Udongo wake huko mara nyingi ni mchanga. Ukiyaweka hayo pamoja, utaona ni kana kwamba mtu ameeleza hali ya Kilifi au Msambweni.

Kwa sura, coccinea haina makeke ya ndugu yake wa Brazil. Hukua kufikia sentimita 60 hadi 90, matawi yake ni membamba, na maua yake, yenye urefu wa takriban sentimita mbili na nusu, hupangika kwa ngazi kwenye kikonyo kirefu huku yakiachana nafasi. Kikombe cha ua ni cha kijani au zambarau iliyokoza, si chekundu. Anayeiona mara ya kwanza ndani ya kikopo huenda akaipita kwa kuiona ni gugu.

Lakini umbo hilo hilo la kuachana ndilo linaloiokoa. Hewa hupita kati ya matawi, maua hayashiki maji, na majani hukauka upesi baada ya mvua. Mashina yake si mazito kiasi cha kulazwa na upepo wa kusi yakabaki yameegemea tope.

Miongoni mwa aina zilizoboreshwa, iliyopata sifa zaidi ni 'Lady in Red', ambayo ilishinda tuzo ya All-America Selections nchini Marekani mnamo 1992. Ni fupi kidogo na ina maua mengi kuliko ile ya kawaida. Ziko pia zenye maua meupe na za rangi ya samoni. Hata hivyo, zikipandwa karibu na nyekundu huchanganyika, na vizazi vinavyofuata huja na rangi za kubahatisha.

Ipo tahadhari moja. Salvia coccinea hujipanda yenyewe. Kila ua hutoa mbegu hadi nne, na mmea mmoja ukiachwa msimu mzima utaijaza bustani nzima kwa miche. Katika nchi nyingi za kitropiki mmea huu umetoroka bustanini ukaota kiholela. Kwa mwenye kiwanja kidogo cha mjini huo si msiba, kwani miche hung'oka kwa vidole viwili. Ila kwa wanaoishi karibu na msitu kama Arabuko-Sokoke, au karibu na misitu ya Kaya, ni wajibu wao kukata vikonyo kabla mbegu hazijakomaa na kutotupa mabaki ya bustani vichakani.

Kuna salvia nyekundu nyingine mbili ambazo msomaji anaweza kuuziwa, na inafaa azijue ili aziepuke Pwani. Salvia elegans, ambayo majani yake yakisuguliwa hunukia nanasi, ni ya milima ya Mexico. Limuru, Nyeri au Kericho itamfurahisha mwenyewe kwa maua na hata kwa majani ya kutia ladha ndani ya chai. Salvia greggii na jamaa yake Salvia microphylla ni vichaka vigumu vya nchi kavu za Texas na Mexico. Jua na ukame haviwatishi, bali masika moja ya Mombasa huwaozesha mizizi. Anayeishi Machakos au Naivasha ndiye anayefaa kuvinunua.

UDONGO WA MATUMBAWE

Sehemu kubwa ya ukanda wa Pwani imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Udongo wake ni mwembamba na una chokaa nyingi. Katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma huwepo lakini mizizi hushindwa kuyafyonza. Dalili yake ni rahisi kuitambua: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Wengi wakiiona hali hiyo hudhani mmea una kiu, wakauzidishia maji, na hivyo wakauongezea tatizo la pili juu ya la kwanza.

Dawa ni mboji, tena kwa wingi. Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa, majani makavu, na mabaki ya jikoni yaliyokaa miezi kadhaa hupunguza ukali wa chokaa na kuupa udongo uwezo wa kushika maji bila kutuama. Usumba wa nazi nao ni mzuri na hupatikana kwa urahisi, lakini sharti uoshwe kwa maji baridi mara mbili tatu kwanza, kwa sababu huwa umebeba chumvi.

Jivu ni jambo jingine. Katika bustani nyingi jivu la jikoni humwagwa kwenye maua kama mbolea. Kwa mkulima wa Kisii au Kericho, ambako udongo una asidi, hiyo ni busara. Kwa anayelima juu ya matumbawe, jivu huongeza kile kile kilichokwisha kuzidi.

Kabla ya kupanda, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, ulisubiri liishe, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamo baada ya saa nne au tano, usipande hapo hata kama pana kivuli kizuri kiasi gani. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30, ulizungushie mawe, na upande juu yake. Kwa kweli, ukiniuliza jambo moja pekee la kufanya kwa ajili ya salvia mahali penye mvua nyingi, nitakwambia ni tuta.

Wakazi wa Kisumu na sehemu nyingine za ufuo wa Ziwa Victoria wana unyevu kama wa Pwani lakini udongo tofauti. Katika nyanda za Kano udongo ni mweusi wa mfinyanzi, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Huko tuta si hiari. Lichanganywe na mchanga mkavu wa mto na mboji, na liinuliwe zaidi kuliko la Pwani.

MAJI, HEWA NA KUTA

Unyevu uliomo hewani si adui wa salvia. Adui ni jani lililolala likiwa limelowa na mzizi uliosimama ndani ya maji. Mambo mengi ya utunzaji yanatokana na hilo.

Mwagilia asubuhi, na maji yaelekezwe chini ya shina wala si juu ya maua. Jani lililolowa saa mbili asubuhi litakuwa limekauka kufikia adhuhuri. Lililolowa saa kumi na mbili jioni litakesha na maji, kisha umande uyaongeze, na kufikia alfajiri kuvu watakuwa wamepata saa kumi na mbili za kufanya kazi yao. Wakati wa masika usimwagilie kabisa isipokuwa mimea iliyo chini ya paa.

Asili ya maji nayo itazamwe. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, hasa kiangazi kinapokolea. Kingo za majani zikianza kuungua na kuwa za kahawia ilhali udongo una unyevu wa kutosha, chumvi ndiyo ya kushukiwa. Mwenye tangi la maji ya mvua na ayaweke maji hayo kwa ajili ya maua ya vyunguni, ambayo hayana udongo wa kutosha wa kuizimua chumvi.

Kuhusu hewa, nyumba nyingi za mijini zimezungushiwa kuta ndefu za mawe, na mwenye nyumba hupenda kupanga maua chini ya ukuta. Kwenye pembe mbili za kuta zinapokutana hewa husimama, na ndipo ukungu huanzia. Acha nafasi ya nusu mita kati ya ukuta na mmea. Coccinea ipandwe kwa umbali wa sentimita 45 kutoka mche hadi mche. Splendens, ambayo maelezo ya pakiti za mbegu kutoka ng'ambo husema ipandwe kwa sentimita 20 au 25, ipewe 30. Bustani itaonekana na mapengo mwezi wa kwanza. Uvumilie mwezi huo.

Mahali pazuri zaidi ni upande wa mashariki wa nyumba, panapopata jua la asubuhi na kivuli baada ya adhuhuri. Coccinea huvumilia jua la kutwa ikiwa ina maji. Splendens hufifia rangi. Pasiwe chini ya ukingo wa paa, kwa maana michirizi yake huchimbua mizizi na kurusha tope lenye vimelea hadi kwenye majani. Walio karibu sana na ufuo wawe na kizuizi cha mti au ua wa makuti upande wa bahari ili chumvi inayobebwa na upepo isiyafikie maua.

Tandaza majani makavu au nyasi juu ya tuta ili kuzuia tope hilo hilo, lakini matandazo yaachane na shina kwa upana wa vidole vitatu. Matandazo yaliyolikumbatia shina huwa shuka lililolowa.

MIEZI YA KUPANDA

Desturi ni kupanda mvua inapoanza, na kwa mahindi ni desturi isiyo na ubishi. Kwa salvia ya Pwani ni kinyume. Kupanda mwezi wa Aprili ni kuupeleka mche mchanga, usio na mizizi, moja kwa moja hadi kwenye mvua za Mei, ambao kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi katika ukanda huo.

Sia mbegu mwezi wa Juni au mwanzoni mwa Julai, mahali palipoezekwa. Hamisha miche bustanini mwezi wa Agosti, wakati wa kipupwe, joto lingali la wastani na mvua zikiwa zimepungua kuwa manyunyu. Kufikia Septemba au Oktoba maua huwa yameanza. Mvua za vuli huwakuta wakiwa na mizizi iliyokomaa, na Desemba, wageni wanapomiminika, bustani huwa katika kilele chake.

Kuanzia Januari kaskazi huleta joto na ukavu. Huu ndio wakati pekee ambao mmea unahitaji maji ya mara kwa mara, huenda mara tatu kwa wiki kwenye udongo wa kichanga.

Katikati ya Machi shika mkasi. Punguza coccinea hadi thuluthi moja au nusu ya kimo chake, ondoa matawi yaliyo katikati ili mwanga na hewa viingie, na uokote kila jani lililoanguka. Mmea uliopogolewa huingia masika ukiwa na kichwa chepesi, nao huchipua upya mvua zikipungua. Coccinea iliyotunzwa hivyo hudumu miaka miwili au mitatu kabla ya kuzeeka. Kupogoa ndiko wengi huona uchungu kukufanya, kwa sababu mwezi huo mmea bado una maua.

Mche mchanga nao ukifikisha jozi tatu au nne za majani, ukatwe ncha kwa kucha. Badala ya kukua kama mlingoti utatoa matawi mawili, kisha manne. Vikonyo vilivyomaliza kuchanua vikatwe hadi kwenye jozi ya majani iliyo chini yake, na vingine vitatokea.

MARADHI NA WADUDU

Ugonjwa wa kwanza huua miche ingali trei: kishina huwa chembamba kama uzi pale chini, kisha mche hulala. Hutokana na kuvu wa udongoni pamoja na maji mengi. Tumia udongo mpya, sia mbegu kwa nafasi, na umwagilie kwa kuiketisha trei ndani ya beseni la maji kwa dakika chache badala ya kumimina juu.

Kwa mimea iliyokomaa, kuna ukungu wa aina mbili ambao watu huuchanganya. Mmoja ni kama unga mweupe uliopakwa juu ya jani; huja zaidi katika siku kavu zenye usiku wa unyevu, huharibu sura lakini mara nyingi hauui. Mwingine hukaa upande wa chini wa jani kama manyoya ya kijivu, huku upande wa juu ukionyesha madoa ya manjano. Huu ni mkali zaidi na huenea upesi wakati wa mvua. Geuza jani kabla ya kununua dawa yoyote. Majani yenye manyoya hayo yang'olewe na kuchomwa au kufukiwa mbali, yasitiwe kwenye mboji.

Kuoza kwa mizizi hakuna tiba. Mmea hunyauka mchana ilhali udongo umelowa, na ukiuvuta hutoka bila ukinzani. Ung'oe pamoja na udongo unaouzunguka, na usipande salvia nyingine palepale msimu huo.

Wanaohitaji dawa za kuvu, zile za shaba hutumiwa kwa kinga kabla ya ugonjwa kuenea. Zinunuliwe zilizosajiliwa na bodi ya serikali ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB, na kipimo cha kwenye kibandiko kifuatwe. Kuzidisha hakuponyi upesi, na juu ya mmea wenye majani laini huunguza.

Katika wadudu, inzi weupe na vidukari hukaa chini ya majani machanga. Wakati wa kaskazi utitiri hufuma utando mwembamba na kuyaacha majani na vitone vingi vya rangi hafifu. Maji ya sabuni isiyo kali au mafuta ya mwarobaini hutosha kwa wote hao, yakinyunyiziwa chini ya jani mara moja kwa wiki kwa wiki tatu. Nyunyizia magharibi, nyuki na ndege wakiwa wamekwenda, hata kama ni lazima kulowesha jani jioni hiyo moja. Konokono wakubwa wa Pwani hawazuiliki kwa dawa kama wanavyozuilika kwa tochi na ndoo, saa mbili usiku baada ya mvua.

CHOZI

Wekundu wa maua haya haukukusudiwa macho yetu. Nyuki hawaoni vyema rangi nyekundu, ila ndege huiona. Katika salvia nyingi zinazotegemea nyuki, stameni zimeundwa kama mzani: mdudu akisukuma kichwa ndani, chavua humshukia mgongoni. Katika coccinea stameni hujitokeza nje ya mdomo wa ua, tayari kumgusa ndege kwenye paji la uso anapofyonza mbochi.

Ndege waliokusudiwa na maua haya huko Marekani hawapo Afrika. Hao hunywa wakielea hewani. Chozi wetu si ukoo wao, ingawa wana mdomo mrefu uliopinda na wanapenda mbochi vilevile. Chozi hupendelea kutua. Ndiyo sababu hukaa kwa raha penye kikonyo kigumu au kijiti kilicho jirani, na ndiyo sababu bustani yenye salvia fupi tupu huwapata wachache. Chomeka fito mbili tatu nyembamba kati ya mimea uone mabadiliko. Kwenye maua marefu kama ya splendens, chozi mara nyingine hutoboa tundu chini ya ua na kuiba mbochi pasipo kugusa chavua. Matundu hayo si ugonjwa wala si mdudu.

MBEGU NA VIPANDIKIZI

Coccinea hupandwa kwa mbegu. Splendens pia, ila mbegu zake zinahitaji mwanga ili ziote, hivyo zisifukiwe. Zikandamizwe tu juu ya udongo ulionyeshewa. Zote mbili huota katika joto la nyuzi 21 hadi 25. Coccinea huchukua wiki moja hadi mbili, na splendens yaweza kufikia tatu. Mbegu za salvia nyingi huvaa utelezi zikiloweshwa, kama zile za mrehani zinazotiwa ndani ya faluda, kwa hivyo zisiloweshwe kabla ya kusiwa, zitagandamana.

Anayetaka mmea ufanane barabara na mama yake, akate ncha ya tawi lisilo na ua, yenye urefu wa sentimita nane hadi kumi. Aondoe majani ya chini, aichomeke ndani ya mchanga safi uliochanganywa na usumba, na aiweke kivulini. Mizizi hutoka katika wiki mbili au tatu. Mwezi wa Machi, matawi yanayopogolewa huwa ndiyo hayo hayo yanayofaa kwa kazi hii, na vikopo vichache vilivyowekwa barazani ni dhamana iwapo masika yatakuwa makali.

Mbegu huvunwa kikombe cha ua kikigeuka cha kahawia, asubuhi umande ukishakauka. Pinda kikonyo ndani ya bahasha ya karatasi na ukipigepige. Mbegu zilizokomaa hudondoka zenyewe, za kijani ziache. Zianikwe kivulini siku tatu au nne, kisha bahasha iwekwe ndani ya chupa yenye kifuniko pamoja na kijiko cha mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta na ukapoa, wa kunyonya unyevu. Bila mchele huo, mbegu zilizohifadhiwa Pwani hupata kuvu kabla ya mwaka kwisha. Zile ambazo bibi jirani alimpa mwandishi zilikuwa zimefungwa ndani ya kipande cha gazeti, zikakaa kwenye chupa hiyo kutoka Februari hadi Juni, na karibu zote zikaota siku ya tisa.